Hesabu za timu ziwekwe mezani kabla ya wananchi kuchangishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi wakazi wa Mtwara na Lindi, nalo ni ukata unaoziandama timu za mikoani, pamoja na mazoea yetu ya kuitisha harambee kila mambo yanapoharibika bila kwanza kuuliza fedha zilizotangulia zilitumikaje.

Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, Mtwara nzima ilijiona imepanda nayo. Kwa misimu sita mfululizo Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulikuwa na shughuli, na siku za mechi mama lishe, waendesha bodaboda na wenye nyumba za kulala wageni walipata riziki ambayo siku nyingine hawaipati. Mwaka 2020 timu ikashuka daraja. Wengi walimlaumu mwalimu, wengine wakawalaumu washambuliaji, lakini wachache walikaa chini kuzijadili fedha, ilhali kwa maoni yangu fedha ndizo zilizokuwa kiini cha yote.

Tuitazame hali ya timu iliyoko pembezoni kama zetu. Ikitoka Mtwara kwenda kucheza na Kagera Sugar kule Bukoba, basi hutembea zaidi ya kilomita 1,500 kwa kwenda tu, na njiani wachezaji wanapaswa kula, kulala na kupewa posho. Viingilio vya maana huja mara mbili kwa msimu, Simba na Yanga zinapokuja, na kabla ya fedha hizo kufika kwenye akaunti ya klabu hukatwa kodi, gharama za uwanja na mgawo wa vyama vya soka. Mishahara haisubiri Simba waje. Tena udhamini wenyewe hauna uhakika, kwani tunakumbuka kwamba msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yote ilichezwa bila mdhamini mkuu, na aliyeumia zaidi ni yule ambaye hakuwa na tajiri nyuma yake.

Wapo wanaoamini kwamba shida hii inatokana na umaskini wetu, na kwamba fedha zingekuwapo nyingi isingekuwapo. Nawaomba watazame yaliyozikuta timu za kulipwa za raga (mchezo wa mpira unaobebwa mikononi) huko Uingereza, nchi ambako mchezo huo una watazamaji wengi na haki za televisheni zinanunuliwa kwa mamilioni. Mwaka 2022 Worcester Warriors, timu ya mji wa kawaida wa mkoani, ilisimamishwa kushiriki ligi kuu msimu ukiwa umeanza, na mwezi Oktoba mahakama ikaifilisi kampuni iliyokuwa na mikataba ya wachezaji kwa sababu ya deni la kodi. Mwezi huohuo Wasps, waliowahi kuwa mabingwa wa Ulaya, nao wakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mwaka 2023 ikafuata zamu ya London Irish, na ligi iliyokuwa na timu 13 ikabaki na 10.

Habari za Wasps zinafaa kusomwa na kila kiongozi wa klabu hapa kwetu. Timu hiyo ilihamia mji wa Coventry mwishoni mwa mwaka 2014, ikaununua uwanja mkubwa wa huko, na mwaka uliofuata ikakopa pauni milioni 35 kwa hati fungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, zilizotakiwa kulipwa mwaka 2022. Muda ulipofika fedha hazikuwapo. Nalitaja hili kwa sababu kwetu husemwa mara nyingi kwamba timu ikipata uwanja wake matatizo yatakwisha, kana kwamba uwanja hauna gharama. Uwanja ulionunuliwa kwa mkopo usiolipika umeiangusha timu iliyokuwa na jina kubwa kuliko yetu yoyote.

Lipo lingine ambalo mkulima wa korosho atalielewa haraka kuliko mtaalamu wa fedha. Mwishoni mwa mwaka 2018 klabu za ligi kuu ya raga ya Uingereza ziliiuzia kampuni ya uwekezaji ya CVC asilimia 27 ya biashara ya ligi yao kwa zaidi ya pauni milioni 200. Kila klabu ilipata fungu nono, na fungu hilo lingeweza kujenga misingi ya kudumu, lakini sehemu ya mapato ya miaka yote iliyofuata ilikuwa imekwisha kuuzwa. Hiyo ni kangomba. Ni sawa na mtu wa Newala au Tandahimba anayeuza korosho zikiwa bado mtini kwa sababu njaa ya masika imembana, halafu mnada unapofika anawatazama wenzake wakilipwa.

Wala ushindi peke yake si dawa. Jersey Reds, timu ya kisiwani, ilitwaa ubingwa wa daraja la pili la raga ya Uingereza mwaka 2023, na Septemba ya mwaka uleule ikasitisha shughuli zake kwa kukosa fedha. Nawaambia haya hasa ndugu zangu wa Ruangwa. Timu yenu ya Namungo ilitupa heshima kubwa: katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2020/21. Hata hivyo, michezo yake ya nyumbani ya hatua hiyo ilichezwa Dar es Salaam, kwa hiyo mfanyabiashara wa Ruangwa aliishia kuitazama kwenye televisheni. Sifa iliingia Lindi, na fedha za siku ya mechi zikabaki kwingine.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Kabla mwananchi hajaombwa mchango, hesabu za timu zitangazwe hadharani, kwa Kiswahili kinachosomeka: mapato ya viingilio mechi kwa mechi, fungu la haki za televisheni, udhamini, mauzo ya wachezaji, halafu mishahara, usafiri na madeni pamoja na majina ya wanaodai. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na fungu linalozifikia klabu za Ligi Kuu kutokana na mkataba huo ni fedha ambazo Ndanda ya 2014 haikuwa nazo kwa kiwango hicho. Kanuni za leseni za klabu zinadai hesabu zilizokaguliwa, nalo ni jambo jema, ila anayekata tiketi hapaswi kuambiwa kwamba ukaguzi umefanyika halafu asionyeshwe uliona nini.

Nasema hivi kwa sababu kila timu inapoyumba huibuka wazo la kukata shilingi kadhaa katika kila kilo ya korosho. Mimi silipingi moja kwa moja, maana timu ni ya watu na korosho ndiyo fedha ya watu. Lakini mkulima wa Kusini tayari anabeba makato ya chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu na halmashauri, na anakumbuka vizuri misukosuko ya msimu wa 2018, Serikali ilipoingilia ununuzi wa korosho. Kumwongezea kato lingine kwa barua kutoka ofisini bila idhini yake kutamfanya aichukie timu aliyopaswa kuipenda. Akichangia, achangie akiwa mwanachama mwenye kura ya kumwondoa kiongozi anayetumia fedha vibaya.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Navisihi vyama vya soka vya mikoa yetu miwili na viongozi wa klabu zetu wahakikishe hesabu hizo zimetangazwa kabla ya mnada wa kwanza, ili mikutano mikuu ya vyama vya msingi, endapo itaombwa mchango wa timu, iweze kujadili ikiwa na karatasi mkononi.

Mpenzi wa soka,
Ligula, Mtwara.