Barua kwa mdogo wangu anayefua masanduku ya bati Katwe, Kampala

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa nyumbani Jinja, ambako mama bado anakumbuka ulivyomlaumu siku ya Idi kwamba siku hizi anameza maneno. Mama hamezi maneno. Alikuomba kisu, nawe ukamuuliza, "Kitu gani?" Akarudia, ukauliza tena. Babu, mwenye sauti nzito, ulimsikia bila taabu, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na hofu.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono, chenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo hutikiswa na sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, na zikichoshwa mno hufa. Kuku akipoteza seli hizo huota nyingine (Mungu ana siri zake), lakini binadamu haoti tena hata moja. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na ndiyo maana herufi kama s na f hupotea mapema, na sauti za wanawake na watoto huwa kama mnong'ono, ilhali wewe unaamini kwamba unasikia vizuri.

Uliniambia kwamba makelele ya karakana yalikusumbua mwezi wa kwanza tu, kisha ukayazoea. Sikio haliwi sugu kama kiganja cha mkono wako. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuwa mpaka kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupunguzwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100, ambazo nyundo juu ya bati au mashine ya kukatia chuma huweza kuzifikia, zinabaki dakika 15 tu. Wewe hushinda hapo tangu asubuhi hadi magharibi, ukirudi chumbani masikio yanavuma, nawe unaongeza sauti ya redio ili usiyasikie.

Pamba unayojitia haisaidii. Nimempa dereva wa takisi kifurushi chenye vifuniko vya masikio, vile vikubwa vinavyofanana na vya rubani. Uvivae hata wenzako wakicheka. Jumatatu nenda ukapimwe masikio, na Jumapili yote usiguse nyundo, kwa maana sikio lililotoka kwenye kelele hutoa majibu mabaya kuliko hali yake halisi. Majibu ukiyapata, mpigie mama kwanza.

Kaka yako