Msimamizi wa ubatizo si mfadhili wa sherehe

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe la moyoni. Nimefundisha dini miaka 31 hapa Mbinga, nimepumzika kwa sababu ya magoti tu. Kinachonikera ni namna tunavyowatafutia watoto wetu wasimamizi wa ubatizo, wale wanaosimama na mtoto akibatizwa na kusaidia kumlea katika imani.

Kanisa Katoliki linataka mtoto abatizwe katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Huku kwetu anayezaliwa Januari anasubiri kahawa ivunwe, chama cha ushirika kilipe, ukumbi upatikane, sare zishonwe. Wengine wanafika kwenye kisima cha ubatizo wanatembea wenyewe, wanaomba pipi. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa msimamizi hajapata nafasi. Na msimamizi ni nani? Ni yule mwenye gari, anayetarajiwa kununua keki na mbuzi.

Nakumbuka ubatizo mmoja. Msimamizi aliingia padri akiwa ameshauliza jina la mtoto. Semina tatu za Jumamosi za kujiandaa kwa ubatizo hakuonekana hata moja. Tuliletewa salamu kwamba yuko safarini. Padri alipouliza, "Je, mnamkataa Shetani?" wazazi walijibu, yeye alikuwa anamwonyesha mpiga picha pa kusimama. Maji yakamiminwa mara tatu juu ya kile kichwa kidogo. Mpiga picha akanyoosha mkono: "Padri samahani, flashi haikuwaka, rudia kidogo." Kanisa zima likacheka. Mimi nilikuwa nimeshika taulo, nikashindwa kucheka.

Ubatizo haurudiwi, jamani. Hata mtu aasi miaka 40, siku akirudi anaungama, habatizwi tena, kwa maana ile alama haifutiki rohoni. Hapo ndipo mtoto anapoondolewa dhambi ya asili na kuzaliwa upya akiwa mwana wa Mungu. Halafu anayewasha mshumaa wake kutoka ule wa Pasaka, kwa niaba yake, hajui hata kwa nini anauwasha.

Nami sijitoi kwenye lawama. Jina la bwana yule niliandika mimi daftarini, kwa mkono wangu. Alikuwa ametuchangia mabati ya kanisa letu la kigango, nikaona aibu kumkatalia.

Sheria ya Kanisa wala haiulizi mfuko. Msimamizi kwa kawaida awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na anayepokea Ekaristi, aishi anachokiamini, asiwe baba wala mama mzazi wa mtoto. Mmoja anatosha. Bibi mjane wa jumuiya yenu, anayewafundisha wajukuu Salamu Maria huku anapepeta maharage, amekamilika kila kitu. Tunamruka kwa sababu hana cha kuweka mezani.

Wakatekumeni wakubwa, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, huwa nawasimulia habari za Munyonyo, Uganda, Mei 1886. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa na mfalme kwa ajili ya imani, ambaye mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu abatizwe, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafundishwa, kijana Kizito akiwamo, kwa kuwa kifo kilikuwa mlangoni na padri hakuwapo. Kanisa linaruhusu hivyo hadi leo: penye hatari ya kufa yeyote anaweza kubatiza, mradi awe na nia ya Kanisa, maji, na maneno yale yale ya ubatizo. Nimewafundisha akina mama wengi maneno hayo. Wawili waliyatumia, usiku, mvua inanyesha, barabara haipitiki.

Ombi langu kwa mapadri na makatekista wenzangu: jina la msimamizi lisiingie daftarini kabla hajamaliza semina. Hata kama ametoa mabati. Na wazazi, mtoto abatizwe kwanza; pilau lisubiri kahawa.

Yule mtoto wa flashi sasa ana miaka minne. Mwezi uliopita nilimkuta msimamizi wake sokoni, tukasalimiana vizuri tu. Nikamuuliza, "Mwanao wa ubatizo hajambo?"

Akaniangalia. "Yupi huyo, mwalimu?"

Katekista mstaafu,
Mbinga, Ruvuma