G ya rubani sio gramu jamani

Mhariri salaam,

Juzi mlitoa stori ya marubani wa ndege za kivita, mkasema rubani akikata kona kali anabanwa na gramu 9. Gramu 9 si vijiko viwili vidogo vya sukari, ndo vimzimishe mwanaume mzima?

Hiyo ni G, na haipimi uzito wa mzigo, inapima mchapuko, yaani spidi inabadilika kiasi gani kila sekunde. Nazi ikidondoka toka mnazini, kila sekunde inaongeza spidi kama mita 9.8 kwa sekunde, hiyo ndo G 1. Mwaka 1901 watu wa vipimo walikaa Paris wakakubaliana namba moja ya dunia nzima, 9.80665, maana kiukweli inatofautiana, sie wa huku karibu na ikweta ni kama 9.78 na kule kwenye ncha za dunia inafika 9.83 (kwa hiyo huku tuko wepesi kidogo, ingawa mke wangu akiniangalia tumbo hakubali).

Sasa rubani wa kilo 70 akila G 9 anakandamizwa kitini kama ana kilo 630, damu inashuka miguuni, kichwani inapungua, anazima, ndo maana wanavaa zile suruali za kujaa hewa zinazobana mapaja. Mwaka 1954 Mmarekani John Stapp alifungwa mikanda kwenye kigari cha roketi, kikapigwa breki akala zaidi ya G 46, akapona ila macho yalivilia damu.

Ila tuache marubani. Siku hiyohiyo niko kwenye daladala, tupo spidi kama kilomita 36 kwa saa hivi, dereva akakanyaga breki tukasimama ndani ya sekunde mbili. Hiyo ni nusu G tu Mhariri, na mzee aliyeshika bomba alinitua mapajani na ndoo yake ya dagaa! Sasa piga hesabu gari iko 50 inagonga kitu na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hapo ni G 14, mtoto wa kilo 10 uliyempakata siti ya mbele anakuchomoka kama mzigo wa kilo 140, na hiyo mikono ya kuushika hakuna mwenye nayo.

Naomba hiyo gramu mrekebishe toleo lijalo, na hesabu ya mtoto muiweke hata pembeni ya habari za michezo, huko ndo wote tunaanzia kusoma.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam