Heri ya Krismasi ya tarehe 6, na stori ya komamanga

Ndugu, jamaa na marafiki mliomo humu, hamjambo, na wakubwa wote shikamooni. Heri ya mwaka mpya, na heri ya Krismasi pia. Najua mtasema huyu kachelewa, pilau la tarehe 25 limeshaliwa na mti umesharudi kwenye boksi, lakini leo ni tarehe 6 Januari na Waarmenia, wale wa nchi ya Armenia kaskazini mwa Iran, ndo wanasherehekea Krismasi yao leo, kuzaliwa kwa Yesu na kubatizwa kwake vyote siku moja, kama makanisa mengi ya mashariki yalivyokuwa yakifanya zamani, halafu Roma ikashika tarehe 25 na wenzao karibu wote wakahamia huko, wao wakabaki palepale. Na hawa si wageni kwenye dini, wanahesabu kuanzia mwaka 301 mfalme wao Tiridates alipobatizwa na Gregori Mwangazaji, kwa hiyo hakuna wa kuwafundisha kalenda. (Wale wa Yerusalemu ndo kabisa, wanaangukia tarehe 19. Na kesho ni zamu ya majirani zetu Wahabeshi, kwa hiyo msimu haujaisha jamani, msitoe mapambo mapema.)

Sasa salamu zangu mwaka huu nimeamua nizitume pamoja na tunda lao, komamanga, maana kila nikisoma mambo ya wale watu nalikuta, kanisani lipo, harusini lipo, kwenye zulia lipo, na ukipita soko la Vernissage pale Yerevan, mji mkuu wao, wamelifinyanga kwa udongo kubwa kwa dogo, watalii wananunua kama njugu.

Kwao linaiva Oktoba hadi Novemba, lile la kusini kule Meghri mpakani na Iran, kando ya mto Araks, ndo lina jina. Angalieni majira yenyewe, yaani baridi inaingia, miti inapukutisha majani, theluji iko njiani, na hapohapo ndo tunda linakuja jekundu hivyo. Na halina haraka ya kuoza. Ganda linakauka linakuwa gumu kama ngozi ya ngoma lakini ndani maji yako vilevile, kwa hiyo linavuka nalo mwaka. Mezani usiku wa mwaka mpya utakuta tolma, ile nyama ya kusaga iliyoviringwa kwenye majani ya mzabibu au kabichi, utakuta matunda makavu na karanga za kila aina, na makomamanga yamekaa katikati kama wazee wa baraza. Siku hizi hata kanisani kule Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa lao, wanayaombea baraka mwaka unapogeuka, watu wanaondoka nayo nyumbani.

Halafu kuna anoushabour, hiki ndo chakula ambacho mi kingenihamisha nchi. Ngano nzima inachemshwa polepole mpaka ipasuke na kuwa laini, mnaojua kupika ngano ya boko boko mnanielewa, ila hii haipigwi wala haitiwi nyama, inatiwa sukari na aprikoti kavu na zabibu kavu, mwisho wanaimwagia maji ya waridi kidogo, inapoa, inaganda kwenye bakuli, ndo juu wanapanga lozi na punje za komamanga, moja moja, kwa mistari na maua. Wapo wanaosema asili yake ni Nuhu, safina ilipotua Ararat akakusanya masazo yote ya chakula akapika chungu kimoja. Uroho tu wa kupata sababu ya kula, lakini ni sababu nzuri.

Sasa stori yenyewe. Waarmenia wanasema komamanga kamili lina punje 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukikaa chini ukahesabu hupati, mengine yana mia mbili na kitu, mengine yanapita elfu moja, tunda halijui kalenda. Lakini sikilizeni wanachosimulia kuhusu mauaji ya kimbari ya mwaka 1915, walipouawa na dola ya Waturuki wa Osmani, kwamba wapo waliofukuzwa majumbani kwao wakatembezwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria, wakawa na komamanga, wakala punje moja kwa siku. Punje moja! Daktari wa lishe atakwambia haiwezekani na atakuwa sahihi, ila mi naona aliyeanza kusimulia hivyo hakuwa anazungumzia chakula, alikuwa anazungumzia kesho, kwamba leo nimekula hii na kesho kuna nyingine inanisubiri. Mtu aliyepoteza kila kitu ukimpa kitu cha kuhesabia siku umempa jambo kubwa.

Na linganisheni na Wagiriki wa kale, hapa ndo nilipokaa nikafikiri sana. Wao komamanga lao ni mtego. Persephone, binti wa Demeter mungu wa mazao, anachukuliwa na Hades, mungu wa kuzimu, akawe mkewe huko chini, mama analia, ardhi inagoma, hakuna mbegu inayoota, binadamu wanakaribia kufa njaa mpaka Zeus mwenyewe, mkuu wa miungu, anaingilia binti aachiwe. Hades anakubali kiulaini kabisa, kumbe kabla hajamwachia kamlisha punje ya komamanga, na ukishakula cha kuzimu wewe ni wa huko. Basi ikabidi wagawane, sehemu ya mwaka kwa mama na sehemu kwa mume, hadithi zinapishana, wengine theluthi wengine nusu, wengine punje moja wengine saba. Binti akiwa chini huku juu hakuoti kitu. Akirudi, maua.

Yaani tunda lilelile, majira yaleyale, kwa Mgiriki punje zinahesabu muda wa kufungwa na kwa Mwarmenia zinahesabu siku za kuishi. Mi sitaki kuamua nani mkweli, nadhani wote wawili wamepitia baridi, ila mwaka huu nachagua upande wa Armenia.

Na wamelichagua zamani hao. Kanisa la Zvartnots la karne ya 7, limeshabomoka lakini mawe yake yapo, yamechongwa mizabibu na makomamanga. Kwenye Injili zao za kuandikwa kwa mkono wachoraji waliyapamba kwenye kurasa za mwanzo, na Nerses Shnorhali, mkuu wa kanisa lao karne ya 12, alifafanua kwamba ni utamu uliofichwa ndani ya ganda chungu. Harusini nako bi harusi anapewa komamanga alirushe lipasuke, punje zikitawanyika sana basi watoto watakuwa wengi. Nawaza tu nani anafagia.

Sisi wa huku tusijifanye halituhusu. Waislamu tunalisoma kwenye Surat Ar-Rahman, matunda na mitende na makomamanga katika bustani za peponi, Wakristo mnalo kwenye Kutoka 28, yameshonwa kwenye pindo la joho la Haruni pamoja na kengele za dhahabu. Na ndugu zetu walioko Oman wanayajua ya Jebel Akhdar, hao hawataki kusikia sifa za Meghri wala za nani.

Anayetaka kulijaribu wiki hii, chagua zito kuliko ukubwa wake, lenye mbavu zilizobonyea kidogo, lile la duara kama mpira liache. Kata kikofia cha juu, chora kwa kisu kufuata zile kuta za ndani, lipasue kwa vidole likiwa ndani ya bakuli la maji. Punje zitazama, utando mweupe utaelea. Na msivae kanzu nyeupe, doa lake halitoki, Waarmenia wenyewe ganda lake wamelitumia kutia rangi nyuzi za mazulia.

Basi nawatakia nyote mwaka wa afya na riziki, waliofiwa Mungu awape subira, wenye mitihani wafaulu, wenye madeni (tupo wengi) yalipike. Leo Waarmenia wakikutana wanaambiana Kristos tsnav yev haytnetsav, Kristo amezaliwa na amedhihirika, na ukisalimiwa hivyo unajibu Orhnyal e haytnutyunn Kristosi, umebarikiwa udhihirisho wa Kristo. Matamshi msiniulize. Atakayepita sokoni leo akakuta makomamanga mazuri anitupie bei hapa.