Malalamiko: Ringi Mpya kwenye Slivu Chakavu za Scania 124

Meneja wa Huduma,
Karakana ya Magari Makubwa,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: INJINI DSC12 ILIYOTOZWA MALIPO YA OVAHOO KAMILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kichwa chetu cha semi, Scania 124, kililetwa kwenu na dalili tatu: kinakula oili lita moja kila kilomita 300, kinatoa moshi wa bluu kikipanda Kitonga na mzigo, na presha ya oili inashuka injini ikishapata moto. Fundi wenu aliandika kwenye fomu "ovahoo kamili" (kuifungua injini yote na kuirudisha katika hali ya upya), nasi tukalipa kwa maneno hayo. Leo, baada ya kilomita 9,000, oili inaliwa kama zamani, na kwenye dipstiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia.

Tumeifungua. Slivu zote sita, yaani mapipa ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni zile zile za mwanzo. Mliweka ringi (pete za pistoni), bering za meni zinazobeba kranki na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), na gasketi za hedi (vifuniko vya juu vya silinda), basi.

Hatulalamiki kwamba kazi ilikuwa ndogo. Kazi ndogo ni halali pale vipimo vinapoiruhusu, na injini hii inaisaidia sana karakana yenye nia njema, kwa sababu kila silinda ina hedi yake. Kama komprisheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imeshuka kwenye silinda moja tu, unafungua hedi moja, unatazama valvu na ukuta wa slivu, unaamua. Malalamiko yetu ni kwamba uamuzi ulifanyika bila kupima chochote. Tuliomba karatasi ya vipimo mara mbili, na mara mbili tukapewa risiti ya vipuri.

Kabla ya kushika spana mlitakiwa kupima komprisheni ya silinda zote sita injini ikiwa na moto, kisha kulinganisha. Mlitakiwa kufunga geji ya mkono ya presha ya oili, maana kihisio cha dashibodi huweza kudanganya. Mlitakiwa kufungua mabomba ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) na kumwaga matangi ya upepo wa breki: oili ikikutwa kwenye mabomba, mtuhumiwa wa kwanza ni sili za tabo, ikikutwa kwenye matangi, ni kompresa inayoyajaza upepo. Gari linalokula oili kwa njia hizo halihitaji kuvunjwa injini. Na moshi wa bluu unaotoka zaidi pale dereva anapokanyaga baada ya kuteremka mlima mrefu huweza kuelekeza kwenye gaidi za valvu (mirija inayoongoza mashina ya valvu) kabla ya ringi.

Tuje kwenye slivu, maana hapo ndipo hasara yetu ilipo. Kipenyo chake kipya ni milimita 127. Hupimwa kwa geji ya ndani sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili kwa mielekeo inayokatana, ili kuona kama imepanuka juu au imekuwa yai. Za injini hii zina ngazi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukipitisha ukucha unakwama. Chini ya ngazi hiyo ukuta unang'aa kama kioo na mikwaruzo ya kiwandani imefutika. Mikwaruzo ile ndiyo inayoshika oili na kuisugua ringi mpya mpaka ikae. Juu ya kioo ringi haikai: oili inapanda, gesi ya moto inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Nje ya slivu ni kubaya zaidi. Upande ambao pistoni huipiga kuna vishimo vingi vilivyokaa pamoja, kama mbao iliyoliwa na mchwa. Slivu hizi huzungukwa na maji. Pistoni ikiipiga slivu, slivu inatetemeka, vipovu vinatokea kwenye maji na kupasukia kwenye chuma, na kila kipovu kinang'oa chembe. Kwenye silinda ya nne kishimo kimoja kimetoboka mpaka ndani. Kweli, gari lilitembea na maji ya bomba yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, na hilo ni letu. Lakini slivu ikichomolewa, vishimo hivyo vinaonekana kwa macho bila kifaa chochote. Hamkuzichomoa.

Kranki nayo haikupimwa. Shingo ya konrodi namba 4 (sehemu ya kranki inayoshikwa na konrodi) imekuwa yai, si duara tena, na juu yake mmeweka bering ya saizi ya kawaida. Nafasi ikizidi, oili inavuja pembeni na presha haipandi hata pampu iwe mpya. Shingo iliyolika kupita kipimo husagwa, kisha ikafuata bering ya saizi iliyopunguzwa milimita 0.25 au 0.50.

Kwa hali hii hapakuwa na cha kuchagua: slivu zimechakaa na moja imetoboka, kranki imekuwa yai, komprisheni imeshuka kote. Injini ilitakiwa kuundwa upya, au mtuambie mapema kuwa gharama haifai ili tutafute nyingine.

Tunataka mambo haya:

Seti sita za slivu, pistoni na ringi, pamoja na oringi zake za chini (pete za mpira za kuzuia maji), kwa gharama yenu. Urefu wa kila slivu juu ya bloku upimwe kwa saa ya kupimia kabla hedi hazijafungwa.

Kranki ipelekwe kwa msagaji, nasi tupewe vipimo vya kila shingo kwa maandishi. Kula (kipozeo) ya oili ifunguliwe na kusafishwa, maana oili yenye maji imepita humo.

Fedha za ufundi wa mara ya kwanza zirudishwe zote. Bering za zamani mlizotoa tuzione pia.

Injini iko wazi kwenye yadi yetu, haijaguswa tangu ifunguliwe; fundi wenu mkuu aje na maikromita yake apime mbele yetu. Tukikosa majibu ya maandishi ndani ya siku 14, tutapeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na picha za slivu ya nne.

Wenu,
Idara ya Matengenezo ya Magari