Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mkija kiwandani msipige simu kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Hunijui na naomba tubaki hivo hivo. Mimi nakoka moto kwenye kiwanda cha kukamua mawese huku vijijini, sitataja kijiji wala kiwanda maana nina watoto watatu na hii kazi ndo inawalisha, alafu nikitaja kimoja utasema basi tatizo ni hicho kimoja, wakati ukifuata bonde lote hili utakuta vya namna hiyo mpaka uchoke. Huu mwaka wa sita niko kwenye moto. Ninachoomba ni kidogo tu, ukituma wakaguzi wa mazingira au wa usalama kazini, au ukija mwenyewe, msipige simu kwanza.

Ngoja nikueleze ukaguzi unavyokuwa. Simu inaingia Alhamisi, bosi anatoka nje kuongea, akirudi anasema "wageni Jumatatu". Kuanzia hapo kiwanda kinakuwa kama nyumba ya harusi. Ijumaa tunafagia, Jumamosi lori linaleta mchanga tunafukia ule mfereji unaoshuka mtoni na juu yake tunapanda vitumba vya migomba, Jumapili mtungi wa kuzimia moto unaazimwa sheli. Jumatatu asubuhi zinatoka stoo kofia ngumu kumi, na sisi tuko kumi na saba, kwa hiyo saba wanaambiwa wakae nyumbani siku hiyo, bila posho. Buti zinagawiwa, na viakisi mwanga bado vina mikunjo ya kwenye nailoni. Kuna boksi la huduma ya kwanza, nililifungua siku moja nikakuta plasta mbili na mkasi wa mtoto wa chekechea.

Wageni wanafika saa tano, na hapa naomba usome taratibu mheshimiwa, wanafika na gari la bosi. Siwalaumu sana, wanasema ofisini gari ni moja na mafuta hayapo, sasa mtu atafanyaje. Lakini na wewe fikiria, umeletwa na gari la mtu, umekula kuku wake, jioni akurudishe mjini, utamwandikia nini huyo? Wanasaini kitabu, wanapiga picha na sisi tukiwa tumevaa zile kofia, wanauliza "changamoto zipo?" bosi kasimama pembeni, tunajibu hakuna. Saa kumi kofia zimerudi stoo. Jumanne asubuhi nachukua koleo nafukua mfereji.

Sasa kinachopita kwenye huo mfereji ndo habari yenyewe. Kwa asiyejua, mawese hayakamuliwi makavu. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinapurwa, zinachemshwa, zinapondwa, zinakamuliwa, alafu mafuta yanachemshwa tena na maji kwenye mapipa ili uchafu ukae chini, tunaengua mafuta juu, na tope linabaki. Tope la kahawia, zito kama uji wa ulezi, la moto sana likitoka kwenye pipa, na likikaa siku mbili linanuka kama pombe iliyochacha. Na sio kidogo. Kwenye viwanda vikubwa wanahesabu kila tani moja ya mafuta inaacha maji machafu tani mbili na nusu mpaka tatu na nusu, sisi na mapipa yetu sijui tunafikia ngapi ila usiku ukiwa unazoa kwa ndoo unaona halitaisha.

Watu wanasema aah hayo si matunda tu, hakuna sumu hapo. Kweli hakuna sumu ya dukani, ila lina asidi na lina chakula kingi mno. Likiingia mtoni vijidudu vinalishambulia, na katika kulila vinavuta hewa yote iliyo kwenye maji, samaki anakosa pumzi. Wataalamu wana kipimo cha hiyo hewa inayovutwa, tope bichi la mawese linafika kama miligramu 25,000 kwa lita moja, wakati maji ya vyooni ya mji yanacheza kwenye mia kadhaa. Mimi hayo nimeyasoma kwenye simu nikiwa nasubiri moto ushike, lakini samaki nimewaona kwa macho, mvua za kwanza zikisukuma yale yaliyokuwa yamelala kwenye mfereji kiangazi chote, asubuhi tunakuta wadogo wadogo wameelea matumbo juu, na maji yana utandu unaometa rangi rangi, na hapo hapo chini kidogo kina mama wanafua na watoto wanaoga.

Mito yetu inaishia Tanganyika, hakuna kwingine. Na lile ziwa sio la kuchezea, lina kina cha mita 1,470, njia ya kutokea maji ni mto Lukuga tu upande wa Kongo, kwa hiyo kinachoingia kinakaa miaka na miaka. Huko chini kabisa hewa hakuna toka zamani, samaki wote wanaishi juu na pembeni, na pembeni ndo tunapopeleka haya mambo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane, na wavuvi waliumia lakini wakatii. Mvuvi anaambiwa aache nyavu ili mgebuka azae, huku sisi juu tunamshushia tope, na jioni tunataka tule ugali wa muhogo na huyo huyo mgebuka ndani ya mawese.

Sheria zipo, hata mimi darasa la saba nazijua. Ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa, kiwanda chetu nimekipima kwa hatua usiku mmoja, hazifiki arobaini. Ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasema vifaa kinga anatoa mwajiri, mfanyakazi halipi. Sisi tukitaka glavu tunakatwa.

Na usidhani mazingira ni mtoni tu na usalama ni jambo lingine la kofia na buti, kwa sisi tulio ndani ni kitu kimoja. Mwaka juzi mwenzetu, mzee mmoja tunamwitaga Babu ingawa hajafika hata sitini, alikuwa anavusha ndoo ya tope usiku, taa ilikuwa imeungua haijabadilishwa, ubao wa kuvukia umeloa mafuta, akateleza mguu wa kushoto ukazama kwenye shimo mpaka gotini. Tope likiwa na mafuta linaganda kwenye ngozi, halichuruziki kama maji, linaendelea kuunguza tu. Alikuwa na kandambili. Tulimvuta, mmoja akakimbilia asali, mwingine anasema mpakeni dawa ya meno, mimi nikamwagia maji baridi muda mrefu nikagombana nao. Kituo cha afya tulimpeleka na bodaboda, na hela tulichangishana. Mkataba hana kwa hiyo hakuna fidia wala fomu, kwenye kile kitabu cha wageni hiyo siku haipo. Sasa hivi anauza karanga stendi. Lile shimo lingekuwa limejengewa na tope linakwenda kwa bomba kwenye bwawa lake, samaki wangepona na mguu wa Babu ungepona, kwa tofali zile zile.

Tairi pia sijasema. Kuni zikiloa tunachanganya na tairi chakavu, moto unakuja haraka, moshi mweusi, ukitema mate asubuhi yanatoka meusi. Na ujinga wenyewe ni kwamba machicha yakianikwa vizuri na vifuu vya mise, zile kokwa za mchikichi, vinawaka kuliko hizo kuni, tena ni vya kwetu wenyewe bure, ila hakuna banda la kukaushia kwa hiyo tunayarundika yanaoza. Hili nimemwambia bosi mara tatu.

Bosi wangu lakini nisimfanye shetani. Mtoto wangu wa pili alipougua alinikopesha bila riba. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatuchimbi mabwawa, akanijibu kitu ambacho mpaka leo sijapata cha kumrudishia. Alisema nikichimba mimi peke yangu, jirani anamwaga bure, dumu la lita ishirini yeye anauza chini yangu, mimi nafunga, wewe unarudi nyumbani na mto unabaki mchafu vile vile. Hapo ndo unapoingia wewe mheshimiwa, maana hiyo hesabu haivunjwi na bosi mmoja mwenye roho nzuri, inavunjwa na mtu anayeweza kuwabana wote siku moja.

Kuna hadithi kila kiongozi akija Kigoma lazima atukumbushe, kwamba Malaysia walichukua mbegu za michikichi kwetu wakatajirika. Tamu kweli, ila michikichi iliyoanzisha kilimo kile huko Asia ni miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Indonesia, mwaka 1848, na asili ya mti wenyewe ni Afrika Magharibi. Tuliache hilo, kinachonishangaza ni kwamba sehemu ya Malaysia yenye faida kwetu haisimuliwi. Mito yao iliharibiwa na tope hili hili. Mwaka 1977 wakatunga kanuni, na leseni ya kiwanda ikawa inalipiwa kulingana na uchafu unaotoa, ukichafua sana unalipa sana. Kile kipimo nilichokitaja wakakianzia miligramu 5,000 kwa lita mwaka 1978, wakawa wanakishusha kidogo kidogo mpaka 100 mwaka 1984. Hawakufunga viwanda, mafuta yaliongezeka. Na walitumia nini? Mabwawa tu, tope linaingia la kwanza, mafuta yaliyobaki yanaenguliwa (hayo unauza kwa wapika sabuni), linahamia la pili, la tatu, wiki kadhaa vijidudu vinalila humo humo badala ya kulila mtoni, mwisho maji yanapelekwa shambani kwenye michikichi yenyewe.

Toka mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati ule Kassim Majaliwa alipokuja kulivalia njuga zao hili, miche ya michikichi ya aina ya tenera kutoka TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, imepandwa kweli kweli. Tenera ina nyama nyingi kifuu chembamba, mafuta mengi. Ikizaa yote, tope litaongezeka na mfereji wetu ni ule ule.

Kwa hiyo mheshimiwa, sitaki mtufungie. Mkifunga, bosi anahamishia mashine bonde la pili na sisi tunabaki na madeni. Wapeni wote tarehe moja ya kuwa na mabwawa, wadogo walio karibu karibu wachangie moja, na wakaguzi watafutiwe mafuta ya gari hata kama ni kwa kupunguza semina mbili tatu. Na mkaguzi akifika aongee na sisi bila bosi kuwepo, hata kwa dakika kumi, kule nyuma kwenye machicha.

Ukiamua kuja mwenyewe, njoo usiku, kuanzia saa nne hivi, ndo muda tunamwaga. Gari liache barabarani, teremka kwa miguu ukifata harufu, hutapotea. Tochi uje nayo, na buti pia, maana zile za wageni zimefungiwa stoo na funguo anazo bosi.

Wako,
Mkoka moto, mwisho wa reli