Vikokotoo vifundishwe kuanzia kidato cha kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu wa Hisabati, wakuu wa shule na wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Tumebishana sana kama kikokotoo kiruhusiwe darasani au kikatazwe, na katika mabishano hayo hakuna anayekifundisha. Kwa miaka mingi mtahiniwa wa kidato cha nne amefanya Hisabati kwa majedwali, yaani vitabu vya logi na thamani za pembe zilizokwisha kokotolewa. Kikokotoo anakikuta kwenye Fizikia na Kemia, ambako mwalimu hana muda wa kueleza kinavyofanya kazi. Akichukua Hisabati kidato cha tano anakutana na mada nzima ya vifaa vya kukokotolea, wakati makosa ya miaka minne yameshaota mizizi.

Chukua swali ambalo mtoto wa mkulima yeyote wa huku analielewa. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Mahindi yanapandwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo. Miche ni mingapi? Mwanafunzi anabonyeza 4047 ÷ 0.75 × 0.3, anapata 1,618.8 na kuandika. Jibu ni kama 17,987. Kikokotoo hakijakosea: kimegawanya kwanza, kisha kikazidisha, kwa kuwa kuzidisha na kugawanya hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia. Asili ya sehemu ilipaswa kufungwa kwenye mabano: 4047 ÷ (0.75 × 0.3).

Lakini mabano peke yake hayatoshi, kwa sababu kesho atayasahau. Kinachomwokoa ni kadirio alilofanya kabla hajagusa kitufe. 0.75 mara 0.3 ni pungufu kidogo ya robo, kwa hiyo mita moja ya mraba inabeba zaidi ya miche minne. Elfu nne mara nne ni elfu kumi na sita. Jibu lolote lililo chini ya hapo linakataliwa papo hapo. Ningependa kila daftari liwe na mistari mitatu kwa kila swali: kadirio, vitufe vilivyobonyezwa kwa mpangilio wake, na jibu. Mstari wa pili ndio unaomwezesha mwalimu kuona kosa limeanzia wapi. Daftari lenye jibu tupu halimwambii chochote.

Kuna jambo la MAGAZIJUTO pia, yaani mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Wengi wanalisoma kama amri kwamba kujumlisha siku zote kunatangulia kutoa. Wape 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi atajumlisha 4 na 3 kwanza, apate 3. Kikokotoo kitasema 9, na 9 ndiyo sahihi, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na huanzia kushoto. Kisha wape 2 + 3 × 4. Kikokotoo cha kisayansi kitatoa 14, lakini kile kidogo cha dukani mara nyingi kitatoa 20, kwa kuwa kinakokotoa kila hatua papo hapo. Darasa lenye vikokotoo vya aina mbili likigawanyika hivyo, somo limejileta lenyewe. Waache wabishane kabla hujawaeleza.

Makosa mengine yanajirudia kila mwaka. Mwanafunzi anaandika −3 kisha anabonyeza kipeo cha pili, anapata −9, wakati alitaka (−3)², yaani 9. Basi limekwenda kilomita 165 kwa saa 2 na dakika 45: anagawanya kwa 2.45 na kupata mwendo wa 67.3, badala ya kugawanya kwa 2.75 na kupata 60 kamili. Hilohilo linatokea kwenye pembe. Nyuzi 30 na dakika 30 ni 30.5, si 30.30.

Logi, yaani kipeo cha 10 kinachotoa namba fulani, inawachanganya zaidi, kwa sababu jedwali na kikokotoo vinaonekana kupingana. Logi ya 0.02 kwenye jedwali inaandikwa 2 yenye kistari juu, halafu .3010. Kikokotoo kinaonyesha −1.69897. Ni namba ileile: −2 ukijumlisha 0.3010 unapata −1.6990. Mwalimu akiweka viwili hivyo ubaoni kwa pamoja, kile kistari kinaeleweka kwa mara ya kwanza.

Hatari kubwa ni kipimo cha pembe. Mwanafunzi amesimama mita 20 kutoka kwenye mti wa paina, pembe ya kutazama kilele ni nyuzi 40. Kikokotoo kikiwa kwenye D (nyuzi), 20 × tan 40 ni mita 16.8, kisha anaongeza kimo cha jicho lake. Kikiwa kwenye R (radiani) kinatoa −22.3, na hata mzembe atashtuka. Kikiwa kwenye G (gradi, ambapo pembe mraba ni 100) kinatoa 14.5, na hapo hakuna wa kushtuka, kwa sababu mti wa mita 14.5 upo. Ndiyo maana kila kipindi cha trigonometria kianze kwa kubonyeza sin 30. Jibu lisipokuwa 0.5, usiendelee.

Wapo wanaohofia kwamba kikokotoo kinadumaza akili, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 1986 Ray Hembree na Donald Dessart wa Marekani walijumuisha matokeo ya tafiti 79. Katika madarasa mengi, wanafunzi waliotumia kikokotoo sambamba na mafundisho ya kawaida hawakupoteza uwezo wa kukokotoa kwa mkono, na wengi waliuongeza. Darasa la nne lilikuwa tofauti: huko matumizi ya mfululizo yalionekana kurudisha nyuma ujuzi huo. Uingereza iliviondoa vikokotoo kwenye mitihani ya Hisabati ya watoto wa miaka 11 mwaka 2014. Nami nasema wazi: shule ya msingi, jedwali la kuzidisha likae kichwani kwanza.

Kuhusu gharama, si lazima kila mtoto awe na chake. Darasa la wanafunzi 60 linatosheka na vikokotoo kumi vya aina moja, kila kimoja kwa watu sita. Mmoja anabonyeza, mmoja anamtajia vitufe, mmoja anaandika, watatu wanakadiria kichwani na kulikubali au kulikataa jibu. Wazungushe kila swali, la sivyo mbonyezaji atakuwa yuleyule hadi kengele. Aina moja ni muhimu, kwa sababu vitufe vikitofautiana dakika 40 zitaishia kwenye kutafuta vilipo.

Msinunue vinavyotegemea mwanga pekee. Kwenye ukungu wa Juni na Julai huku nyanda za juu, namba hufifia katika darasa lisilo na taa. Na kabla ya kulipa, jaribuni palepale kaunta: 2 + 3 × 4 itoe 14, sin 30 kwenye D itoe 0.5, na kitufe cha mabano kifanye kazi pande zote mbili.

Mwalimu wa Hisabati,
Mbeya